John Calhoun na Ushuru Uliotikisa Muungano wa Marekani

Watu waishio visiwani hawahitaji kufundishwa maana ya ushuru wa forodha. Mchele, unga, nguo, saruji na mabati, aghalabu huingia kwa njia ya bandari, na kabla ya kumfikia mnunuzi hupita kwanza mbele ya meza ya mtoza ushuru. Kwa sababu hiyo, swali la nani apange kiwango cha ushuru, nani aukusanye, na fedha zake zitumike wapi, halikuwa kamwe swali la makarani peke yao. Ni swali la gharama ya maisha ya wananchi na la nguvu za serikali. Na pale zinapokuwapo serikali mbili, moja ya sehemu na nyingine ya umoja wote, swali hilo huweza kukua hata likaipita forodha yenyewe.

Katika nchi ya Marekani swali hilo lilikaribia kuleta vita baina ya jimbo moja na Serikali Kuu katika majira ya baridi ya mwaka 1832 na 1833. Mtu aliyelitafutia jimbo hilo hoja za kisheria na za kifalsafa alikuwa John Caldwell Calhoun wa South Carolina. Maisha yake yafaa kuzingatiwa na kila mwenye dhamana ya uongozi, kwa kuwa ndani yake yamekutana mambo mawili: lalamiko lililokuwa na haki ndani yake, na dhulma kubwa zaidi iliyojificha nyuma ya lalamiko hilo.

Calhoun alizaliwa tarehe 18 Machi, 1782, katika wilaya ya Abbeville, upande wa bara wa South Carolina. Baba yake, Patrick Calhoun, alitoka katika jamii ya Waskoti waliohamia Marekani kutoka Ireland. Alikuwa mkulima, mpima ardhi na mjumbe wa Bunge la jimbo, na alimiliki watumwa. Katiba mpya ya Marekani ilipotungwa mwaka 1787, mzee huyo aliipinga kwa hoja kwamba inawapa watu wa mbali uwezo wa kuwatoza kodi watu wa South Carolina. Kijana John alilelewa katika nyumba ambamo jambo hilo lilikuwa likizungumzwa.

Ili tufahamu uzito wa hoja ya mzee huyo, hatuna budi kukumbuka hali ilivyokuwa. Baada ya kujikomboa kutoka kwa Waingereza, majimbo 13 ya Marekani yaliungana kwa mkataba dhaifu. Serikali ya pamoja haikuwa na uwezo wa kutoza kodi, na kila jimbo lilikuwa na forodha yake, hata mengine yakitozana ushuru. Katiba ya mwaka 1787 iliondoa utaratibu huo. Uwezo wa kutoza ushuru wa bidhaa ziingiazo kutoka nchi za nje ulikabidhiwa Bunge la taifa, yaani Kongresi. Majimbo yalikatazwa kufanya hivyo bila ya idhini yake. Na ushuru wa bidhaa zitokazo ukapigwa marufuku kabisa. Tarehe 4 Julai, 1789, Rais George Washington alitia saini sheria ya kwanza ya ushuru. Tangu hapo, kwa miongo mingi, forodha ndiyo iliyoijaza hazina ya Serikali Kuu kuliko chanzo kingine chochote. Kwa hiyo aliyegusa forodha aligusa moyo wa Muungano.

Calhoun alipata elimu ya juu katika Chuo cha Yale, kilichopo Connecticut, upande wa Kaskazini, akahitimu mwaka 1804. Baadaye alisoma sheria huko huko Connecticut, katika shule mashuhuri ya mji wa Litchfield. Alirudi kwao akafanya kazi ya uwakili kwa muda mfupi, akaingia katika Bunge la jimbo, na mwaka 1810 akachaguliwa kwenda katika Kongresi. Mwaka uliofuata alimwoa Floride, binti wa ukoo wake, aliyetoka katika familia ya matajiri wa mashamba ya pwani. Mtu mwembamba, mrefu, mwenye macho makali na maneno yaliyopangwa kama hesabu, hakukawia kujulikana.

Jambo la kushangaza ni kwamba Calhoun alianza siasa akiwa mtetezi hodari wa Serikali Kuu. Alikuwa miongoni mwa vijana wa Kongresi walioshinikiza vita na Uingereza mwaka 1812, kwa sababu manowari za Kiingereza zilikuwa zikiwakamata mabaharia wa Kimarekani na kuzuia biashara ya nchi yao. Vita hivyo vilifichua udhaifu wa taifa changa: barabara mbovu, fedha za kubahatisha na viwanda vichache. Waingereza walifika mpaka Washington mwaka 1814 wakaiteketeza Ikulu. Baada ya vita, Calhoun aliunga mkono kuanzishwa kwa benki ya taifa, akapigania ujenzi wa barabara na mifereji, na mwaka 1816 akatetea sheria ya ushuru iliyolinda viwanda vya nguo kwa kutoza takriban asilimia 25 juu ya vitambaa vya pamba na sufu vitokavyo ng'ambo. Wakati huo alisadiki kwamba nguvu ya kila sehemu itatokana na nguvu ya wote. Kuanzia mwaka 1817 hadi 1825 alikuwa Waziri wa Vita katika serikali ya Rais James Monroe, na hata mahasimu wake walikiri kwamba aliipanga upya wizara hiyo kwa ustadi mkubwa. Mwaka 1825 akawa Makamu wa Rais.

Kilichombadilisha Calhoun ni mabadiliko ya hali ya nchi yake. Kaskazini, hususan katika majimbo ya New England, viwanda vya kusokota na kufuma pamba vilichipuka kando ya mito, na wenye viwanda wakadai kinga zaidi dhidi ya nguo za Uingereza. Kusini hakukuwa na viwanda vya kutajika. Huko utajiri ulikuwa pamba, na pamba iliuzwa zaidi Uingereza. Mkulima wa South Carolina aliuza mali yake katika soko huria la dunia bila ya kinga yoyote, lakini aliponunua nguo, vyombo vya chuma na mablanketi, ilimpasa ama alipe ushuru juu ya bidhaa ya kigeni, ama anunue bidhaa ya Kaskazini ambayo bei yake imepandishwa na ushuru huo huo. Aidha alihofu kwamba Waingereza, wakishindwa kuuza nguo zao Marekani, watakosa fedha za kununulia pamba yake.

Hapo palikuwa na haki ya kulalamika. Sheria iliyotungwa kwa jina la taifa zima iliwanufaisha watu wa upande mmoja na kuwatwisha mzigo watu wa upande mwingine, na waliotwishwa walikuwa wachache katika Kongresi. George McDuffie, mjumbe wa South Carolina na mwenzake Calhoun, alikwenda huku na huko akieleza kwamba katika kila marobota 100 ya pamba, ushuru ulimpokonya mkulima marobota 40. Hesabu hiyo ilitiwa chumvi. Bei ya pamba, iliyokuwa karibu na senti 30 kwa ratili mwaka 1818, ilianguka hadi karibu na senti 10 mwishoni mwa miaka ya 1820 hasa kwa sababu mashamba mapya yenye rutuba yalifunguliwa huko Alabama na Mississippi, ilhali ardhi ya South Carolina ilikuwa imechoka. Lakini mwenye njaa humlaumu aliye karibu, na ushuru ulikuwa karibu zaidi kuliko rutuba ya Alabama.

Mwaka 1827 muswada wa kuongeza ushuru wa bidhaa za sufu ulifika katika Baraza la Seneti na kura zikalingana. Makamu wa Rais ndiye mwenyekiti wa baraza hilo, na hupiga kura pale tu kura zinapolingana. Calhoun akaupiga muswada huo, ukafa. Mwaka uliofuata wajumbe wa Kusini, pamoja na marafiki wa Andrew Jackson, walijaribu hila. Waliuacha muswada mpya ujazwe ushuru mkubwa juu ya mali ghafi zilizotumiwa na viwanda vya New England, kama vile sufu, katani na chuma, wakitumaini kwamba watu wa New England wenyewe wataukataa. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Wajumbe wa kutosha wa New England waliukubali muswada pamoja na uchungu wake, Rais John Quincy Adams akautia saini mwezi Mei 1828, na viwango vya ushuru vikawa vya juu kuliko vyote vilivyowahi kuonekana nchini humo. Watu wa Kusini waliiita sheria hiyo ushuru wa machukizo.

Katika majira ya mwisho wa mwaka huo, Calhoun alijifungia nyumbani kwake Fort Hill akaandika waraka mrefu kwa ajili ya Bunge la South Carolina. Hakuutia jina lake, kwa kuwa alikuwa Makamu wa Rais na alikuwa akichaguliwa tena kushika cheo hicho chini ya Rais mpya, Andrew Jackson. Nadharia aliyoieleza ilikuwa hii. Katiba ni mkataba baina ya majimbo yenye mamlaka kamili. Serikali Kuu ni wakala wao tu. Wakala akivuka mipaka ya uwakala wake, kila jimbo lina haki ya kuitisha mkutano maalumu wa wajumbe wa wananchi na kutamka kwamba sheria fulani ni batili ndani ya mipaka yake. Sheria hiyo itasimama mpaka robo tatu ya majimbo yote yakubali kuirekebisha Katiba ili kuipa Serikali Kuu uwezo huo waziwazi. Kwa maneno mengine, jimbo moja lingeweza kuzuia kila kitu, na mzigo wa kutafuta robo tatu ungewaangukia wengine.

Calhoun hakuutazama utaratibu huo kama njia ya kuvunja Muungano. Aliuona kuwa ni dawa ya kuunusuru, akiamini kwamba wachache wakiwa na kinga watatulia, na wengi wakijua kwamba wanaweza kuzuiwa watatafuta maafikiano. Lakini James Madison, aliyeshiriki zaidi ya wengi katika kuitunga Katiba na ambaye wakati huo alikuwa angali hai katika uzee wake, aliikana nadharia hiyo. Kwa maoni yake, Katiba iliyotungwa na wote haiwezi kutenguliwa na mmoja, kwani kila jimbo likiwa hakimu wa sheria za wote, hakuna sheria itakayobaki. Jimbo la bandari moja likikataa ushuru, meza za forodha za bandari nyingine zote hazina maana, kwa kuwa wafanyabiashara watapitishia mali zao palipo bure.

Tukitazama kwa makini, nyuma ya ushuru lilikuwako jambo jingine. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 1830, South Carolina ilikuwa na watu takriban 581,000, na kati yao zaidi ya 315,000 walikuwa watumwa. Mwaka 1822, katika mji wa Charleston, iligunduliwa njama ya uasi iliyodaiwa kuongozwa na Denmark Vesey, fundi seremala Mweusi aliyejikomboa kwa fedha zake. Watu 35 walinyongwa. Mwishoni mwa mwaka huo Bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kuwakamata mabaharia Weusi walio huru kila meli yao itiapo nanga Charleston, na kuwafunga gerezani mpaka meli iondoke. Mwaka 1823 jaji wa Serikali Kuu, William Johnson, ambaye mwenyewe alikuwa mzaliwa wa Charleston, alieleza kwamba sheria hiyo inapingana na Katiba na mikataba ya nchi. Jimbo liliendelea kuitumia. Hivyo, miaka kadhaa kabla ya kuandikwa waraka wa Fort Hill, South Carolina ilikwisha kuzoea kuibatilisha sheria ya taifa kwa vitendo, na katika jambo lililowahusu watu Weusi.

Calhoun mwenyewe alilijua hilo. Mwezi Septemba 1830 alimwandikia rafiki yake kwamba ushuru ni tukio tu la ugomvi, na kwamba sababu yenyewe ya kweli ni mfumo maalumu wa kazi wa majimbo ya Kusini, ambao umeyaweka katika hali tofauti na majimbo mengine katika mambo ya kodi na matumizi. Mfumo huo ni utumwa. Ikiwa wengi katika Kongresi wanaweza kutoza ushuru wasioutaka watu wa Kusini, kesho wanaweza kuugusa utumwa. Forodha ilikuwa boma la mbele, na boma la ndani lilikuwa shamba la pamba.

Hapa inafaa tutaje kwamba ugomvi huo haukuwa mbali na pwani yetu kama unavyodhaniwa. Viwanda vya Massachusetts vilivyopiganiwa katika sheria hizo za ushuru ndivyo vilivyofuma kitambaa kigumu cha pamba ambacho wazee wetu walikiita merikani. Kililetwa Unguja na wafanyabiashara wa bandari ya Salem, kikavaliwa na watu wetu, na katika misafara ya bara kikatumika kama fedha. Mwezi Septemba 1833, miezi michache tu baada ya mgogoro tunaousimulia kupoa, mjumbe wa Rais Jackson aitwaye Edmund Roberts alitia saini mjini Muscat mkataba wa biashara na Sayyid Said bin Sultan, na ushuru wa mali za Wamarekani katika bandari za Sayyid ukawekwa kuwa asilimia 5. Nyuzi za merikani zilitokana na pamba ya Kusini, na pamba hiyo ilipandwa na kuchumwa na Waafrika waliokuwa watumwa.

Turudi kwa Calhoun. Aliingia katika serikali ya Jackson akitumaini kumrithi, lakini wawili hao hawakuchukua muda kufarakana. Zilikuwapo fitina za nyumbani baina ya wake wa mawaziri. Pia Jackson aligundua kwamba mwaka 1818, yeye alipoivamia Florida akiwa jenerali, Waziri wa Vita Calhoun alikuwa ametaka aadhibiwe. Tarehe 13 Aprili, 1830, katika karamu ya kumkumbuka Thomas Jefferson, Rais alisimama akainua bilauri yake na, huku watu wakimtazama Calhoun, akautakia heri Muungano na kusema kwamba hauna budi kulindwa. Calhoun aliposimama aliutaja Muungano baada ya uhuru, akakumbusha kwamba hudumu kwa kuheshimu haki za majimbo na kugawana sawasawa faida na mizigo. Kila aliyekuwapo alielewa kwamba wakuu wawili wa nchi wametangaziana ugomvi hadharani. Mwezi Julai 1831 Calhoun aliitoa nadharia yake kwa jina lake mwenyewe.

Mwezi Julai 1832 Kongresi ilipunguza baadhi ya viwango vya ushuru, lakini ikabakiza msingi wa kulinda viwanda. South Carolina haikuridhika. Wabatilishaji walishinda uchaguzi wa jimbo, mkutano maalumu ukaitishwa katika mji wa Columbia, na tarehe 24 Novemba, 1832, kwa kura 136 dhidi ya 26, ukapitisha tamko kwamba sheria za ushuru za mwaka 1828 na 1832 ni batili katika jimbo hilo, na kwamba hautakusanywa baada ya tarehe 1 Februari, 1833. Maofisa walitakiwa kuapa kulitii tamko hilo. Ilisemwa kwamba Serikali Kuu ikitumia nguvu, South Carolina itajitoa katika Muungano. Wanamgambo walianza kuandikishwa. Tarehe 28 Desemba Calhoun alijiuzulu cheo cha Makamu wa Rais, akaingia katika Baraza la Seneti kulitetea jimbo lake.

Jackson alikuwa mtu wa Kusini, mwenye shamba la pamba na watumwa, na hakuwa mpenzi mkubwa wa ushuru. Lakini jambo la utii wa sheria hakulifanyia mzaha. Tarehe 10 Desemba alitoa tangazo akaeleza kwamba Katiba imeunda serikali ya watu wote wa Marekani, na haikuunda ushirika wa kupita. Kwamba jimbo haliwezi kuifuta sheria ya taifa na taifa likabaki. Na kwamba kujitenga kwa silaha ni uhaini. Aliimarisha ngome za bandari ya Charleston, na akaiomba Kongresi sheria ya kumwezesha kutumia jeshi ikibidi. Walakini hila yake kubwa ilikuwa ya kiforodha. Wabatilishaji walikusudia kwamba mfanyabiashara atoe hati ya dhamana badala ya fedha taslimu, kama ilivyokuwa desturi, kisha akatae kulipa na kesi iamuliwe na mahakama za jimbo. Sheria ya Jackson iliruhusu ushuru udaiwe taslimu kabla ya mali kutolewa, na forodha ihamishiwe penye usalama ndani ya bandari, hata ndani ya meli. Kwa njia hiyo mtoza ushuru angeweza kufanya kazi yake bila ya askari kulazimika kuingia mjini.

Wakati huo huo Seneta Henry Clay wa Kentucky, bingwa wa ushuru wa kulinda viwanda, alikubali kurudi nyuma. Alipendekeza kwamba viwango vyote vilivyozidi asilimia 20 vipunguzwe kidogo kidogo mpaka mwaka 1842. Calhoun, akiona kwamba hakuna jimbo hata moja la Kusini lililoiunga mkono South Carolina, aliukubali mpango huo. Tarehe 2 Machi, 1833, Rais alizitia saini sheria zote mbili siku moja: ile ya nguvu na ile ya kupunguza ushuru. Calhoun alisafiri kwa haraka mpaka Columbia kuwasihi wenzake, na mkutano ukalifuta tamko lake. Ili kutunza heshima, ukaibatilisha ile sheria ya nguvu, ambayo kwa wakati huo haikuwa na kazi tena. Kila upande ukadai ushindi.

Yafaa viongozi walizingatie tukio hilo. Jackson alionyesha kwamba Muungano una mwenyewe, na Clay akaonyesha kwamba Muungano una masikio. Lingekuwapo moja bila ya jingine, damu ingemwagika au sheria ingekufa. Lawama ya kwanza, hata hivyo, iwaendee wale waliopitisha ushuru wa mwaka 1828 kwa kuwa tu walikuwa na kura za kutosha, bila ya kuuliza nani ataulipa. Mwamba ngoma huvutia kwake, na Kongresi iliivutia ngoma upande mmoja mpaka ngozi ikakaribia kupasuka.

Calhoun aliishi miaka 17 baada ya hapo, na katika miaka hiyo yaliyokuwa nyuma ya pazia yalitoka mbele. Mwezi Februari 1837 alisimama katika Seneti akaueleza utumwa kuwa ni jambo jema lenye manufaa kwa bwana na mtumwa, akiwapita wale wazee waliouita uovu wa lazima. Alipinga hata kupokelewa kwa maombi ya wananchi waliotaka utumwa ukomeshwe. Akiwa Waziri wa Mambo ya Nje mwaka 1844 na 1845, alishughulikia kuunganishwa kwa Texas na Marekani kwa hoja za kuulinda utumwa. Mtu aliyedai kwamba wachache wasinyamazishwe na wengi, alikuwa wa kwanza kutaka wengine wanyamazishwe.

Tarehe 4 Machi, 1850, akiwa amedhoofishwa na kifua kikuu, aliletwa Senetini akakaa kitini huku mwenzake, James Mason wa Virginia, akimsomea hotuba yake ya mwisho. Alionya kwamba mizani baina ya Kaskazini na Kusini imevunjika, na kwamba isiporudishwa Muungano utavunjika. Alifariki mjini Washington tarehe 31 Machi, akiwa na umri wa miaka 68, akazikwa Charleston. Mwaka 1851 vitabu vyake viwili juu ya serikali na Katiba vilichapishwa. Humo alifundisha kwamba kura za wengi peke yake si haki, na kwamba kila kundi kubwa la masilahi liwe na uwezo wa kuzuia lile linalolidhuru. Wasomi wa siasa wangali wanaisoma nadharia hiyo.

Miaka 10 baada ya kifo chake, tarehe 20 Desemba, 1860, South Carolina ilikuwa jimbo la kwanza kujitoa. Safari hii hapakuwa na haja ya kuutanguliza ushuru: katika maelezo yake rasmi jimbo lilitaja utumwa. Mizinga ya kwanza ililia mwezi Aprili 1861 katika bandari ile ile ya Charleston. Vita vilidumu mpaka 1865, na kwa hesabu ya chini watu wapatao 620,000 walikufa. Watumwa takriban milioni 4 walikombolewa. Mwaka 1869 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba jimbo haliwezi kujitoa kwa uamuzi wake lenyewe. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Yale kililiondoa jina la Calhoun katika mojawapo ya nyumba zake za wanafunzi, na mwezi Juni 2020 sanamu yake, iliyosimama juu ya nguzo ndefu mjini Charleston, iliteremshwa.

Kosa la Calhoun halikuwa kudai haki ya sehemu. Dai la kwamba sehemu ndogo isikilizwe, na kwamba mzigo wa forodha ugawanywe kwa uadilifu, ni dai la halali, na serikali yoyote yenye busara hulijibu kabla halijawa ugomvi. Kosa lake lilikuwa katika hesabu ya watu. Aliposema South Carolina imeonewa, aliwahesabu wenye mashamba tu. Watu zaidi ya 315,000, ambao ndio waliolima pamba iliyolipa ushuru huo, hawakuitwa katika mkutano wa Columbia, wala hawakuulizwa. Asiyekuwapo na lake halipo. Laiti wengi hao wangepewa kura ya kuzuia ambayo bwana wao aliidai kwa wachache wenzake, sheria ya kwanza ambayo wangeibatilisha isingekuwa ile ya forodha.

Kwa hiyo anaposimama mtu kudai haki ya sehemu yake mbele ya umoja, asikilizwe, kwani huenda ameonewa kweli. Lakini aulizwe pia anazungumza kwa niaba ya nani, na haki anayoitaka kwa walio juu yake anaitoa vipi kwa walio chini yake. Na anayeketi katika serikali ya umoja naye aulizwe kama, kabla ya kupandisha ushuru, ameketi na yule atakayeulipa.